Nilikataa kuonja pombe ya ndizi Kumsenga, nusura niwatenganishe baba na mwanawe

Wakuu, salaam kwenu nyote, na nyie mnaosoma huku mmeficha simu bosi asione.

Leo naleta jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa. Chumvi siongezi. Majina nimebadilisha kwa heshima ya familia, mengine yote yalitokea mbele ya macho yangu. Asiyeamini ruksa, ila amalize kusoma kwanza ndio anitukane.

Ilikuwa miaka ya tisini, katikati hapo. Nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, nimepangiwa Kasulu.

Mimi ni Mzigua wa Handeni. Mama aliposikia Kigoma alilia kana kwamba napelekwa vitani. Nilifika na mashati mepesi mawili na kandambili, nikijua Tanzania yote ina joto kama kwetu.

Kasulu asubuhi ni baridi ya kukunja vidole wakuu. Nilikuwa naandika ubaoni chaki inadondoka.

Aliyeniokoa ni mwalimu mwenzangu wa hesabu, nitamwita Leonidas. Siku ya tatu tu alinivua aibu, akaniletea koti lake bila kusema neno. Tukawa marafiki hapo hapo.

Leonidas wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Wenyeji waliwapa shamba upande wa Kumsenga, kule Kibondo. Kasoma huku, kaajiriwa huku, Kiswahili chake kina lafudhi ya nyumbani ila anakipenda kuliko mimi.

Sasa likizo ya mwezi wa sita ikafika. Handeni mbali, treni yenyewe ni safari ya kuandikia wosia. Leonidas akaniambia, "Twende kwetu ukatembee. Vilima utaviona mpaka uvichoke. Asali ipo, ndizi zipo, mto wa kuoga upo."

Nikasema freshi. Mtu wa likizo anataka nini tena?

Kisha akaongeza, "Kuna kazi kidogo utanisaidia kule."

Hapo ndipo nikaambiwa ukweli.

Leonidas na baba yake walikuwa hawasemeshani miaka mitatu.

Ilikuwa hivi. Kulipoonekana huko Burundi kumetulia, mzee wake aliamua kurudi kwao. Akamchukua mkewe na dada yake mwenyewe, shangazi yake Leonidas. Leonidas akabaki na kazi yake. Haikupita muda mambo yakaharibika, wakakimbia tena kwa miguu kuja Tanzania. Mama akaugua njiani. Hakufika mpakani.

Mzee alirudi kwenye shamba lake la Kumsenga na dada yake tu.

Leonidas alipokwenda msibani, mbele ya watu wote, uchungu ukamshinda. Akamwambia baba yake, "Ungemwacha mama hapa."

Maneno matatu wakuu. Mzee aliinuka akaingia ndani. Toka siku hiyo hakuna salamu, hakuna barua, hakuna chochote.

"Nilimtupia kaburi la mama mikononi," Leonidas aliniambia. "Na yeye alikuwa amelichimba kwa mikono hiyo hiyo."

Nikamuuliza mimi naingiaje hapo.

Akasema kwao mwana aliyekosana na baba haendi akaanza kujieleza tu. Anakwenda na pombe ya ndizi, wenyewe wanaiita urwarwa, na anakwenda na mtu wa kumsemea. Mzee akiipokea ile pombe na kunywa, basi amempokea na mwanawe. Asipokunywa, mwana anarudi alikotoka na hakuna mtu atakayekuja tena kumsemea.

"Kwa nini mimi?" nikauliza. "Si utafute Mrundi mwenzio au Muha?"

"Mtu wa huku ataegemea upande. Wewe huna upande."

"Lakini mimi Muislamu bwana. Pombe sijawahi kuigusa."

Akacheka. "Hunywi wewe. Wewe unasema tu."

Shikeni neno hilo hapo, maana ndilo lililotuponza.

Pombe aliitengeneza mwenyewe kwenye shamba la jamaa mmoja njia ya Kabanga. Wiki nzima alikuwa anakwenda kuichungulia kama mtu mwenye mke mja mzito. Nikamwambia tutie kwenye dumu tufunge kwenye baiskeli, kazi kwisha. Alinitazama kwa huruma.

"Kwa mzee hakuendi dumu."

Kikatafutwa kibuyu, kikafungwa kwa nyuzi za migomba, kikawekwa kwenye tenga, tenga kwenye keria ya baiskeli. Mdomo wake kaacha upenyo kidogo kwa sababu pombe changa ina hasira, ukiiziba inapasuka.

Safari ilituchukua siku mbili. Nyie mnaolipia hela kupanda milima siku hizi, sisi tulipanda bure na kibuyu juu. Kilima ukikimaliza kingine kinakungoja. Kwenye mteremko Leonidas alikuwa anashuka kwenye baiskeli na kuisukuma taratibu, mkono mmoja kwenye kibuyu. Nilimcheka njia nzima.

Ila uzuri wa nchi ile kiangazi sitausahau. Majani yamekuwa rangi ya simba, miyombo inapukutisha, moshi wa mashamba yanayochomwa umelala mabondeni. Tulilala kwa mwalimu mmoja aliyesoma chuo na Leonidas, tukala ugali wa muhogo na maharage ya mawese. Asubuhi tukaoga mtoni, maji yake ukitoka unaongea kwa kigugumizi.

Siku ya pili Leonidas akawa anasukuma baiskeli hata kwenye tambarare.

Tulifika alasiri. Nyumba ya udongo, safi, imezungukwa na migomba pande zote. Mzee Bartolomayo alikuwa ameketi uani anachonga mpini wa jembe. Mrefu, mwembamba, amevaa koti la suti juu ya fulana.

Akanyanyua macho, akamwona mwanawe. Kisu kikasimama.

Kisha akanitazama mimi. "Kaze, mgeni. Karibu."

Mimi tu. Leonidas alisimama pale na baiskeli yake hajakaribishwa wala hajafukuzwa.

Dada yake mzee, Shangazi Venansia, ndiye aliyetoka mbio jikoni na kumkumbatia. Alimshika uso, akasema maneno mengi ya Kirundi ambayo sikuyaelewa ila niliyaelewa.

Majirani wazee wanne wakaitwa kuwa mashahidi. Tukaketi uani, kibuyu katikati. Nikasimama nikatoa maneno niliyofundishwa. Nikasema mimi mgeni nimekuja na mtoto wa nyumba hii, alisema neno ambalo halikupaswa kutoka, amekuja kuliomba msamaha. Nikaona wazee wanaitikia kwa vichwa. Nikajiona mwanasheria.

Shangazi akatia mrija kwenye kibuyu, akanigeuzia mimi.

Wakuu, mimi nimelelewa Handeni. Kwetu kitu kikiletwa mbele ya wazee, mdogo hatangulii. Ukitangulia unachapwa. Juu ya hapo ni pombe, na mimi sinywi. Basi kwa adabu zangu zote, nikaukamata ule mrija kwa mikono miwili, nikauelekeza kwa mzee, nikasema, "Anza wewe mzee wetu. Wewe ndiye mkubwa."

Wazee wakatazamana.

Mzee akaniuliza polepole, "Wewe huonji?"

"Hapana mzee, mimi sitaki. Anza wewe."

Nikatabasamu kabisa. Nilidhani nimefanya la maana.

Mzee akautazama mrija. Akasema "Ego", yaani ndiyo, kwa sauti ya chini sana. Akasogeza kigoda chake nyuma. Jirani mmoja akakumbuka mbuzi wake. Mwingine akakumbuka mgonjwa. Ndani ya dakika chache tumebaki wenyewe, na kibuyu hakijaguswa.

Nilimgeukia Leonidas. Alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanadondokea kwenye viatu vyake vya vumbi. Mtu mzima, mwalimu wa hesabu.

Asubuhi yake nilimfuata Shangazi jikoni anamenya muhogo. Nikamwambia, "Shangazi, nimekosa nini?"

Aliweka kisu chini. "Mwalimu, huku kwetu aliyeleta pombe ndiye anaonja mbele. Akishaonja, watu wote wanaona hakuna kibaya ndani. Wewe umesema, mimi sitaki, anza wewe."

Nikaketi chini palepale.

Yaani nilikuwa nimemwambia mzee wa watu, mbele ya majirani zake, jaribu wewe kwanza tuone kama utakufa.

Nikamkimbilia Leonidas aliyekuwa amekaa nyuma ya nyumba. Kwa nini hukuniambia? Akanitazama kama mtu aliyepotea. "Nilisema hutakunywa. Kuonja si kunywa. Nani anaita kule kunywa?"

Kwake lilikuwa jambo la kawaida mno hata la kuelezwa. Na yeye hakuruhusiwa kuugusa mrija kabla baba yake hajapokea. Kazi yote ilikuwa juu ya mdomo wangu, na mdomo wangu niliufunga.

Nilikaa nikafikiri. Nikaamua. Nikamwendea Mzee Bartolomayo kwenye migomba yake.

"Mzee, mimi sikujua. Naomba kile kibuyu kiletwe, niite mashahidi tena. Nitaonja."

Aliniangalia muda mrefu. Mzee yule aliniona nikiswali usiku ule, na tangu alfajiri, bila kuombwa, alikuwa ameniwekea kopo la maji ya kutawadha nje ya mlango. Aliitanguliza swala yangu mbele ya kosa langu.

Akasema, "Hapana, Mwalimu. Mungu wako amekukataza, halafu umkosee kwa sababu ya nyumba yangu? Hapana."

Nikamwambia, "Basi Leonidas atarudi hivi hivi?"

Alichuma jani kavu la mgomba, akalikunja, akalikunjua. Kisha akaniuliza, "Ndizi unakula?"

"Nakula."

"Njoo."

Akanipeleka mwisho wa shamba. Pale palikuwa na kichuguu cha udongo, juu yake majani ya mgomba na magogo. Akaniambia ndani mna ndizi zimefukiwa ziive. Alikuwa ameziweka kwa pombe yake mwenyewe.

"Bado siku mbili. Tukikamua, kabla hatujatia unga wa mtama wa kuchachusha, yale maji ni matamu tu. Tunaita umutobe. Watoto wananyonya. Mungu wako hana neno na umutobe?"

Nikasema hana neno kabisa.

"Basi mwambie mwenzako asiondoke."

Wakuu, siku mbili zile ndizo likizo bora ya maisha yangu, na ndizo za ajabu kuliko zote.

Tulikwenda watatu kilimani kukata majani marefu ya kukamulia. Tunatembea pamoja, tunapumzika kivuli kimoja, ila baba na mwana hawasemeshani. Kila kitu kinapita kwangu.

"Mwalimu, mwambie mwenzako majani hayo mafupi."

Na mwenzangu yupo hatua mbili, anasikia vizuri.

"Mwalimu, muulize mzee yanakatwa wapi marefu."

"Mwalimu, mwambie ng'ambo ya bonde, palepale tulipokuwa tunakata zamani."

Nilikuwa posta. Kuna wakati niliamua kunyamaza nione itakuwaje. Wakakaa kimya wote wawili, wananitazama mimi nifanye kazi yangu. Nikacheka peke yangu mpaka nikakaa chini.

Siku ya pili tulipanda kilima kirefu zaidi kwenda kuangalia mizinga ya mzee. Tukala asali na masega yake, vidole vinanata. Juu pale vilima vya Burundi vinaonekana, vya buluu, vimepangana. Mzee alisimama akavitazama. Akakaza koti lake la suti kifuani.

Leonidas aliona. Akavua koti lake, akanipa mimi.

"Mwambie mzee kuna upepo."

Nikampelekea. Mzee alilivaa juu ya lile lingine, na hakulivua mpaka tunafika nyumbani.

Asubuhi ya tatu shimo likafunguliwa. Harufu yake siwezi kuiandika, tamu mpaka unasikia njaa. Ndizi zikamenywa, zikatiwa kwenye muvure, ule mti uliochimbwa kama mtumbwi mdogo. Yakatiwa majani juu. Mzee akakunja mikono ya shati, akapiga magoti upande mmoja.

Kazi ile haifanywi na mtu mmoja. Mzee akanitazama, nikajitia naumwa mgongo. Uongo ule Mungu atanisamehe.

Leonidas akakunja mikono, akapiga magoti upande wa pili.

Wakaanza kukamua. Mikono minne kwenye ule ujiuji wa ndizi, wanasukuma, wanageuza, wanavuta. Ukisukuma, mwenzako anarudisha. Hawakuhitaji kuambiana. Ilionekana wazi wamefanya hivi miaka mingi, mmoja akimfundisha mwingine. Povu likaanza kupanda. Niliona mzee anaondoa jani lililokuwa limenata kwenye kiwiko cha mwanawe, bila kumtazama usoni.

Shangazi alikuwa mlangoni, amejifunika mdomo kwa khanga.

Wale majirani wanne wakaitwa tena. Walikuja haraka kuliko mara ya kwanza, nadhani kijiji kizima kilikuwa kinasikilizia. Kibuyu kingine, kimejaa umutobe, kikawekwa katikati. Mzee mwenyewe ndiye aliyekibeba.

Jirani mmoja mtani akashindwa kuvumilia. "Batolo, ndizi zako, shimo lako, kibuyu chako. Sasa nani amemletea nani? Unajiletea mwenyewe?"

Watu wakacheka kidogo.

Mzee Bartolomayo hakucheka. Akasema, "Miaka mitatu nangoja mtoto alete. Ameleta, ikaharibika bila kosa lake. Sasa ningoje tena? Mimi nimechoka kungoja."

Hakuna aliyecheka tena.

Nikasimama. Maneno yangu ya uanasheria yote yakapotea. Nikasema tu, "Mzee, mwanao huyu hapa. Anaomba." Nikainama, nikavuta kwa ule mrija, nikameza mbele ya watu wote. Tamu wakuu. Nikavuta tena, kwa ubishi.

Nikamgeuzia mzee.

Alikunywa. Akanywa sana, macho ameyafumba. Kisha akaushika mrija akamgeuzia Leonidas, na kwa mara ya kwanza akazungumza naye bila kupitia kwangu.

"Mwana wanje, mwanangu. Neno ulilosema siku ile lilikuwa kweli. Ningemwacha hapa, leo angekuwa pale mlangoni na Venansia."

Leonidas hakuuchukua mrija. Alisogea kwa magoti mpaka karibu na kigoda cha baba yake.

"Data," akasema, yaani baba, "mama asingebaki. Ungemwacha hapa, usiku huo huo angekufuata kwa miguu. Unamjua."

Mzee akabaki amemtazama.

Halafu akaanza kucheka. Alicheka huku machozi yanamiminika, anatikisa kichwa, anasema "Ego, ego, angekuja. Angekuja na sufuria zake zote." Na Leonidas anacheka na kulia amelalia goti la baba yake, na Shangazi kule mlangoni amekaa chini kabisa.

Wale majirani kila mmoja akawa anatazama migomba.

Mimi? Nililia kuliko wenye msiba.

Nilirudi Kasulu peke yangu kwa baiskeli. Leonidas alibaki kule mpaka shule zilipofunguliwa.

Nilichojifunza wakuu: adabu ya kwenu ukiipeleka kwa watu bila kuuliza inaweza kuwa tusi, tena tusi kubwa, na wewe umetabasamu. Siku hizi nikialikwa popote nauliza mpaka naonekana mshamba. Mrija nishike mimi? Nikae wapi? Nani anaanza?

La pili ni la hao waliokosana na wazazi wao. Miaka mitatu Leonidas alidhani baba yake amemkasirikia. Kumbe mzee alikuwa amemkubalia, na anajihukumu kila siku peke yake. Alihitaji mtu mmoja tu wa kumwambia haikuwa hivyo, na mtu huyo ni mwanawe peke yake.

Waha na Warundi mliomo humu, nirekebisheni nilipochapia desturi zenu, na matusi ya kistaarabu napokea. Na wewe ambaye kuna namba ya simu ya mzee unaipita tu kila siku, funga uzi huu kwanza, mpigie. Sisi tutakusubiri hapa kwenye komenti.